Usipange rangi za stempu usiku

Usiku mmoja nilikaa na lundo la stempu nyekundu za peni moja za Uingereza, zile zenye kichwa cha Malkia Victoria, nikazipanga chini ya balbu ya njano. Nilipokwenda kulala nilikuwa na mafungu saba ya wekundu, najiona bingwa. Asubuhi nikafungua dirisha: mafungu yalikuwa matatu tu, na mojawapo lilijaa stempu zilizopaushwa na jua. Kazi ya usiku kucha ikaenda na maji.

Tangu hapo rangi nazipanga mchana, karibu na dirisha, lakini pasipo jua la moja kwa moja. Wino wa aina mbili unaweza kufanana kabisa chini ya balbu, kisha mchana ukaachana kama maziwa na chai. Hata shati lako linaingilia. Ukivaa jekundu, wekundu huo unarukia karatasi. Mimi huvaa fulana nyeupe, na nyumbani wameshazoea kunicheka.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote hakina gharama. Chukua kadi ya kijivu isiyong'aa, ukate vidirisha viwili vidogo vilivyokaribiana, kila kimoja kidogo kuliko stempu. Weka stempu mbili chini yake, uteleze kadi mpaka uone sehemu ileile ya mchoro kwenye zote mbili, tuseme shavu na shavu, au kona na kona. Pambizo nyeupe, muhuri mweusi wa posta na uchafu vyote vinafichwa, jicho linabaki na rangi tupu. Ukitazama nyekundu kwa muda mrefu jicho huchoka na kuanza kukudanganya, basi ikodolee kadi ile ya kijivu kidogo halafu urudi.

Karatasi nayo ina hila zake. Stempu nyekundu za peni moja zilianza 1841, na nyingi za miaka ya mwanzo zina karatasi yenye ubuluu, kwa sababu kemikali iliyokuwa kwenye wino iliathiri karatasi iliyochapwa ikiwa na unyevu. Wekundu juu ya ubuluu huo huonekana wa kahawia zaidi. Kwa hiyo geuza stempu, tazama mgongo kwanza, ndipo uanze kubishana kama ni nyekundu-kahawia au damu ya mzee. Mgongo huohuo hukuonyesha pia wino wa anilini, yaani wa rangi iliyotengenezwa kwa kemikali, ambao mara nyingi hupenya hadi nyuma.

Jambo jingine ni stempu zilizobadilika baada ya kuchapwa. Zile za kijani na za urujuani za Uingereza za 1883 na 1884 zilichapwa kwa wino unaochujuka makusudi, ili mtu asioshe muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Nami, kwa ujuaji wangu, niliiloweka moja ya kijani ili niitoe kwenye bahasha. Ikatoka na unjano wa jani la mgomba lililokauka. Siku hizi naikata pamoja na kipande cha bahasha, naiacha hivyo. Za rangi ya chungwa zenye risasi kwenye wino nazo huweza kugeuka kahawia hata kukaribia weusi zikikutana na hewa yenye salfa, kisha mtu akakuuzia kama rangi adimu.

Kadi za rangi, kama ile ya kampuni ya stempu ya Uingereza, Stanley Gibbons, yenye rangi 200, ninayo, lakini siitegemei peke yake. Kiraka chake kimejaa wino mtupu, ilhali stempu ni mistari myembamba yenye weupe katikati, hivyo stempu huonekana hafifu zaidi. Majina nayo hutofautiana kati ya katalogi na katalogi. Linganisha stempu kwa stempu. Tafuta zile za bei ya chini zenye muhuri wa tarehe unaosomeka, uzipange kwa miaka, na polepole utaona wino ulivyobadilika kutoka chapa hadi chapa. Kabla ya hapo hesabu matundu ya pembeni na uangalie alama ya maji, ile iliyofichwa ndani ya karatasi, maana mara nyingi hivyo viwili vinamaliza ubishi kabla rangi haijaulizwa.

Picha za simu sizijibu kabisa. Ukinitumia picha ukaniuliza ni rangi gani, nitakuambia tu kwamba ni nyekundu.