Fundi Cherehani wa Kilosa na Askari wa Wissmann

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu utotoni tumesimuliwa kwamba baba wa babu yetu alikuwa Msudani aliyeletwa pwani na Wajerumani kupigana na Abushiri, na kwamba alipoacha jeshi alinunua cherehani kwa mshahara wake wa vita, akafungua kibanda cha kushona kanzu pale Kilosa na kuishi hapo hadi alipofariki. Cherehani hiyo, aina ya Singer, bado tunayo, na namba iliyopigwa kwenye kitako chake inaanza na herufi F. Karatasi hatuna hata moja. Nianzie wapi ili nijue alitoka kijiji gani? Je, sisi ni ndugu wa Wanubi wa Kibera? Na kipimo cha vinasaba kitatusaidia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, karatasi huna, lakini chuma unacho, nacho kinapingana na simulizi ya nyumbani. Kampuni ya Singer ilianza kutanguliza herufi kwenye namba za mashine zake mwaka 1900. Kabla ya hapo namba zilikuwa tarakimu tupu. Herufi F ilipigwa kwenye mashine za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kuanzia mwaka 1910 hivi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa hiyo mshahara wa vita vile haukununua cherehani hii, labda kama uliwekwa kibindoni miaka ishirini, jambo ambalo kwa askari mwenye mke na watoto ni gumu kuliamini.

Mwaka wa mashine unaoana vizuri zaidi na reli. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kilosa mwaka 1909, ikaleta majora ya vitambaa kwa wepesi pamoja na watu wenye ujira mfukoni. Hapo ndipo fundi angepata wateja wa kumweka mjini. Sasa jiulizeni: kati ya vita na cherehani, huyu mtu alikuwa wapi? Huenda alibaki jeshini, kwa kuwa kikosi cha Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, kiligeuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891 na kupelekwa bara, ikiwemo Uhehe, ambako kilipigwa vibaya Lugalo mwezi Agosti mwaka huohuo. Lakini mimi nashuku jambo jingine, kwamba mnazungumzia watu wawili, yaani baba aliyekuwa askari na mwana aliyekuwa fundi, ambao wajukuu wamewaunganisha wakawa mmoja. Simulizi za ukoo hufanya hivyo mara nyingi, hasa pale baba na mwana wanapoitwa kwa jina moja la heshima.

Ndiyo maana nakushauri umtafute fundi kwanza. Nenda Kilosa ukaulize kaburi lake liko wapi, nani alisimamia mirathi yake, na kiwanja cha kibanda kilipita mikononi mwa nani. Wazee wa msikitini huweza kukumbuka ni nani aliyewashonea kanzu za Idi babu zao, hata kama jina la kikosi chake halikuwahi kutajwa mbele yao. Ukishapata jina kamili na mwaka wa kifo, ndipo uende Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, ambako kuna majalada ya utawala wa Kijerumani pamoja na vitabu vya wilaya vya maofisa wa Kiingereza. Tafuta jina kwa tahajia ya karani wa Kijerumani: Yusuf huandikwa Jusuf, na Farajallah huweza kuwa Faradjalla. Majalada mengine yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa taabu, hivyo tafuta mtu aliyeizoea.

Berlin iwe ya mwisho. Majalada ya wizara ya makoloni yamehifadhiwa huko, lakini kumbukumbu nyingi za jeshi la Ujerumani ziliteketea Potsdam kwa mabomu mwezi Aprili 1945. Askari wa Kiafrika huonekana zaidi pale familia ilipodai fedha. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam na mtoto wa askari wa Kisudani, anafahamika vizuri kwa sababu alifika Berlin mwaka 1929 akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Alikataliwa, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen.

Kuhusu kijiji, punguza matumaini. Wissmann aliajiri Wasudani wapatao 600 nchini Misri mwaka 1889, wengi wao wakiwa wanajeshi walioachwa bila kazi baada ya Misri kupoteza Sudani kwa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi huko. Walitoka katika makabila mbalimbali, na wengi walikuwa wametekwa utotoni na kuingizwa jeshini wakiwa watumwa. Majina kama Murjan, Bakhit na Rehani mara nyingi walipewa na mabwana zao, kwa hiyo hayakuelekezi kwa baba wala kijiji.

Wanubi wa Kibera asili yao ni jeshi hilohilo la Misri, ila kwa njia nyingine: Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudani, waliobaki karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 na kuwapeleka Uganda, na baadhi ya vizazi vyao wakatumikia jeshi la Waingereza hadi Kenya. Udugu wa damu hauthibitiki kwa hilo peke yake.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha kama mna asili ya bonde la Nile, lakini si kijiji. Mkiamua kukifanya, apimwe mzee wa kizazi cha juu kabisa aliye hai kwa upande wa fundi, na kwa ridhaa yake, kwa kuwa yeye ana sehemu kubwa zaidi ya kile mnachokitafuta kuliko wajukuu.