Mkuu, usiifungue hiyo faili ya .run

Kama umeshaipakua, ifute kwanza ndipo uendelee kusoma.

Umesema Ubuntu yako (mfumo wa Linux) ilijisasisha, ukaiwasha skrini ikagoma kupanda zaidi ya 1024x768, na kadi yako ya skrini ni NVIDIA. Monita ya pili haionekani, video zinachanika katikati ukizicheza, na hujui uhamie Wayland au ubaki X11 (mifumo miwili ya kuchora skrini kwenye Linux). Halafu ukamalizia kwamba kuna mtu kakushauri ufute draiva zote (programu zinazoiendesha kadi), upakue faili ya .run, yaani kisakinishi cha draiva, kutoka tovuti ya mtengenezaji na uisakinishe usiku huu. Hapo ndipo niliposhtuka. Njia hiyo nimeipita mimi, na ilinikuta vibaya.

Mimi sikuwa hata na shida kubwa kama yako. Nilitaka tu draiva mpya zaidi, nikamfuata jamaa mmoja wa video ambaye kila kitu kwake ni "rahisi sana". Nikafuta draiva za mfumo, nikaendesha ile .run. Na ilifanya kazi! Hilo ndilo linalowaponza watu: siku ya kwanza inafanya kazi vizuri kabisa, skrini inang'aa, unaenda kulala ukiwa na furaha.

Sasa sikiliza kilichofanyika chini kwa chini. Draiva hiyo inajenga moduli (kipande kinachochomekwa kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo) kwa ajili ya keneli uliyonayo wakati huo. Keneli nyingine ikija, inahitaji moduli yake. Katikati ya usakinishaji unaulizwa kama unataka kuisajili kwenye DKMS, utaratibu unaoijenga moduli upya kila keneli inapobadilika. Jamaa wa video akasema hapo chagua No, hapana umuhimu. Hapana umuhimu! Mtu anafundisha maelfu ya watu na swali lenye uzito kuliko yote analiruka kama matangazo. Kisha akatuambia tuendeshe `nvidia-xconfig`, ikaandika faili ya `/etc/X11/xorg.conf` inayoiambia X11 itumie draiva ya nvidia na si nyingine.

Baada ya kama wiki tatu keneli ikasasishwa. Nikawasha: nembo ikatokea, ikapotea, kikabaki kistari cheupe kinapepesa kwenye kona ya juu kushoto. Nikazima, nikawasha. Kistari kilekile.

Moduli ya keneli mpya haikuwepo. Nouveau, draiva huria ambayo ingeshika nafasi yake, ilikuwa imefungiwa na kisakinishi kilekile kwa kifaili kidogo ndani ya `modprobe.d`, folda ya mipangilio ya moduli. Na hata kama ingekuwepo, xorg.conf ilikuwa inadai nvidia tu. Kadi nzima haikuwa na wa kuiendesha. Kosa si la kisakinishi, kilifanya nilichokiagiza. Aliyenielekeza ndiye aliyeniacha njiani.

Nikafanya nini? Nikafomati diski. Nilidhani mfumo umekufa, nikachukua flashi, nikasakinisha Ubuntu upya juu ya kila kitu. Sura nne za tasnifu yangu zikaenda, pamoja na rekodi 23 za mahojiano. Sura niliziandika tena. Rekodi hazikurudi, na wawili kati ya wale wazee niliowahoji wameshafariki. Na tafadhali asije mtu hapa kuniuliza nakala zilikuwa wapi. Swali hilo nimeshaulizwa na kila mwenye mdomo, na sasa nina nakala tatu.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba faili zangu zilikuwa salama muda wote ule. Giza lilikuwa la skrini, diski ilikuwa nzima. Ningebonyeza Esc wakati wa kuwasha, GRUB (menyu ya kuchagua keneli) ikatokea, nikaingia "Advanced options for Ubuntu" na kuchagua keneli ya zamani, ningepata skrini yangu palepale, kwa sababu moduli yake ilikuwa bado ipo. Au ningebonyeza Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa jina na neno la siri kwenye ile terminali nyeusi, nikaendesha `sudo nvidia-uninstall`, nikaihamisha xorg.conf pembeni, nikarudisha draiva ya mfumo. Niliyajua hayo miezi miwili baadaye. Nilimwandikia yule jamaa kwenye maoni ili aonye wengine. Akafuta maoni yangu, video akaiacha.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi: draiva ya skrini inatoka kwenye hazina ya distro yako, yaani ghala rasmi la programu la Linux unayotumia. Haitoki kwenye tovuti, wala kwenye video, wala kwa mtu anayekuambia "ya hazina ni ya zamani". Ya hazina inafuatana na keneli. Keneli ikipanda, nayo kwa kawaida inapanda.

Kwako wewe, anza kwa kuangalia tu, bila kufuta kitu:

`lspci -k`

Tafuta mstari wa VGA, kisha "Kernel driver in use" chini yake. Kama mstari huo haupo kabisa, kadi yako haina draiva iliyopakiwa, na ndiyo maana ya 1024x768. Fungua pia `/etc/default/grub` uone kama kuna mtu alikuachia neno `nomodeset`. Hilo ni la dharura, likiachwa pale linaweza kukubana kwenye mwonekano mdogo. Kisha `dkms status` na `mokutil --sb-state`. Ukikuta Secure Boot (ulinzi unaokataa moduli zisizo na sahihi inayotambulika) imewashwa, ninashuku hapo sana: moduli iliyojengwa na DKMS inaweza kuwa ipo lakini haijakubaliwa.

Ndipo uendeshe `sudo ubuntu-drivers install`. Ukiombwa utunge neno la siri, liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya itakuja skrini ya buluu inayokupa sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote haraka, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa sahihi ya moduli), weka neno lile. Ukizubaa inapita, mfumo unawaka kama kawaida na moduli inabaki nje. Wengi wanakwama hapo na kuilaumu draiva.

Monita ya pili naamini itajitokeza yenyewe draiva ikishapakiwa, ila hakikisha kebo yake imechomekwa kwenye kadi, isiwe kwenye tundu la ubao mama.

Tuma hapa ulichokipata kwenye `lspci -k` kabla hujaandika amri yoyote yenye neno purge (kufuta kabisa). Niko macho, nitakujibu usiku huuhuu.