Jibu: Leseni isiyo na mrabaha na malipo ya televisheni

Ndugu, umeuliza kama kuweka biti zako kwenye maktaba ya muziki yenye leseni isiyo na mrabaha ni kuaga mirabaha yote, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumika. Hapana. Leseni hiyo humwondolea mnunuzi malipo ya kila matumizi. Analipa mara moja, basi. Kipindi kikirushwa televisheni Marekani, kituo bado hulipa mashirika yanayokusanya mirabaha ya muziki, kama ASCAP na BMI, nayo humlipa mtunzi. Kwa kawaida nusu ni yako, nusu ya mchapishaji, yaani anayesimamia haki za muziki huo. Ila pesa hizo hufuata karatasi: orodha ya muziki wa kipindi, yenye jina lako, jina la kipande na sekunde zilizosikika. Isipojazwa, usitegemee kitu. Halafu zipo maktaba zinazokataa watunzi waliojisajili na mashirika hayo. Hapo mimi singesaini kwa bei ndogo, hasa wakitaka haki zote milele.