Leiomioma ya kibofu cha mkojo si saratani
Dada uliyeuliza kama mama yako ataondolewa kibofu chote kwa sababu ya leiomioma: kwa kawaida hapana, kwani uvimbe huu adimu si saratani, bali huota kwenye misuli laini ya ukuta wa kibofu, kama fibroidi katika mfuko wa uzazi. Hata hivyo, picha ya ultrasaundi au MRI pekee haitoshi, kwa kuwa sarkoma (aina ya saratani) ya misuli hiyohiyo inaweza kufanana nayo. Nawasihi msikubali upasuaji mkubwa kabla kipande cha uvimbe hakijapimwa maabara. Uvimbe mdogo unaoelekea ndani hukatwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, na ule mkubwa hutolewa kwa kupasua tumbo, kibofu kikibaki.