Jibu: Kwa nini seli za gugumaji hazipasuki ndani ya maji ya ziwa?

Ndugu, umeuliza kwa nini seli za jani la gugumaji ulizozitazama kwa hadubini zilibaki nzima ndani ya maji ya ziwa, ilhali seli nyekundu za damu ya sangara uliyemnunua mwaloni Kirumba zilivimba na kupasuka, na kama kiini ndicho kinachohusika.

Kiini hakihusiki moja kwa moja, kwani kazi yake ni kutunza DNA na kuongoza utengenezaji wa protini. Jambo lenyewe liko kwenye utando wa seli, ambao hupitisha maji kwa urahisi lakini huzuia chumvi nyingi. Kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana kuliko saitoplazimu (ute ulio ndani ya seli), maji huingia ndani ya seli kwa osmosisi, yaani kupita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi zaidi, na seli ya damu, isiyo na kinga nyingine, hutanuka hadi utando uchanike. Seli ya gugumaji ina ukuta wa selulosi nje ya utando huo. Vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli, inapojaa, ukuta husukuma kinyume, na msukumo huo ndio unaolisimamisha jani. Vidoa vya kijani ulivyoviona vimebanwa pembezoni ni kloroplasti, zinazotengeneza sukari kwa nishati ya jua. Mitokondria, sehemu zinazoipatia seli nishati, zimo katika jani pia, ila ni ndogo.

Nakusihi urudie jaribio kwa maji yenye takriban gramu 9 za chumvi kwa lita. Seli za damu zitabaki nzima, nawe utaona kiini katikati ya kila moja, kitu ambacho seli nyekundu zilizokomaa za binadamu hazina.