Maswali na majibu: chaneli ya mazungumzo ya kawaida baharini

Swali: Boti yetu huongozana na nyingine tukiwa mbali na pwani. Tukishaitana kwa redio kwenye chaneli 16, kuna ubaya gani tukiendelea humo humo?

Jibu: Upo ubaya mkubwa, ndugu yangu. Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni ya dharura na ya kuitana, ndiyo maana kila chombo kinaisikiliza. Katika redio za VHF, yaani hizi za chaneli tunazotumia baharini, mawimbi yenye nguvu huyafunika yaliyo dhaifu, na mtu anayezama na redio ya mkononi ndiye mwenye mawimbi dhaifu. Anaita Mayday, yaani wito wa kuomba kuokolewa, nanyi mnaulizana habari za samaki. Aliye karibu nanyi hatamsikia yeye, atawasikia nyinyi. Kwa hiyo, ukiacha dharura, wito kwenye 16 usizidi dakika moja.

Kwanza sikilizeni chaneli mnayotaka kuhamia, msije mkawaingilia wengine. Kisha rudini 16 na muite: "Tumaini, Tumaini, hapa Neema. Tuhamie saba mbili. Ova." Mwenzako akirudia "saba mbili", hameni wote. Kama hajibu, pumzika dakika mbili ndipo uite tena. Ukifika mara ya tatu bila jibu, mwache kwanza.

Swali: Basi tuhamie ipi?

Jibu: Chaguo langu ni 72 au 77, jedwali la kimataifa limezitenga kwa ajili ya chombo na chombo. Chaneli 8 pia. Chaneli 6 ni ya vyombo vilevile, lakini meli na ndege huitumia zinapotafuta na kuokoa watu, kwa hiyo mimi siigusi kwa soga. Chaneli 13 waachieni manahodha wanaoelewana jinsi ya kupishana. Chaneli 70 haina sauti kabisa: ni ya wito wa kidijitali. Nchi nyingine zina mgawanyo wao, hivyo ulizeni mamlaka ya bandari kabla ya kuondoka.

Swali: Tulikubaliana 26. Kituo cha pwani nakisikia vizuri, boti jirani siisikii. Redio imeharibika?

Jibu: Redio yako ni nzima. Chaneli 26 ina masafa (frikwensi) mawili: chombo hutuma kwa megahezi 157.3 na kupokea kwa 161.9. Boti zote mbili zinatuma upande mmoja na kusikiliza upande mwingine, basi hazikutani. Chagueni chaneli yenye masafa mamoja, kama 72.

Swali: Niweke wati 25 au 1?

Jibu: Mkiwa mnaonana, 1 inatosha, na hamtawasumbua walio mbali. Zile 25 zisikudanganye: mawimbi ya VHF hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kinachoongeza umbali hasa ni kuiweka antena juu zaidi.

Swali: Wenzetu wako maili 100 za baharini kutoka kwetu.

Jibu: Hapo VHF ya boti na boti haifiki. Mnahitaji redio ya mawimbi mafupi, HF, ambayo hufika mbali zaidi, na pangeni saa ya kukutana kabla ya safari. Kilohezi 4146 au 8294 zinafaa kwa vyombo kuongea. Msizungumzie kwenye 4125, maana nayo ni ya wito na dharura, kama ilivyo 16.