Maelezo ya kongamano la afya: mfikirie pia anayetoa ruhusa

Maelezo mengi ya makongamano huandikwa kana kwamba mshiriki anajiamulia mwenyewe. Muuguzi wa zahanati huko Mbita au Butere hawezi tu kufunga safari ya Kisumu siku ya kazi. Atampelekea msimamizi wake tangazo, na msimamizi, ambaye tayari ana upungufu wa watu, atauliza: akirudi, kituo kitapata nini? Hilo lijibiwe kabla ya kumtaja mgeni wa heshima.

Kazi kubwa iko kwenye sentensi ya kwanza. "Kongamano litaangazia masuala mbalimbali ya malaria" ni maneno yanayofaa kongamano lolote, kwa hiyo hayamfai yeyote. Andika hivi: "Baada ya kikao cha saa mbili, muuguzi ataweza kukokotoa dozi ya artesuneti ya sindano kwa uzito wa mtoto mwenye malaria kali, kuichanganya na kuidunga." Kisha taja kosa mnalolirekebisha. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4. Anayetumia 2.4 kwa wote humpunja mtoto mdogo dawa. Msimamizi akisoma hapo anajua ni nani wodini mwake anayehitaji kikao hicho.

Vitenzi navyo vichujwe. "Kuelewa", "kufahamu" na "kuhamasishwa" havipimiki. Kukokotoa, kujaza, kutofautisha na kurekodi vinapimika. Malengo matatu kwa siku moja yanatosha. Ukiona tangazo lina manane, huenda ratiba bado haijapangwa.

Mwili wote usizidi maneno 150 hadi 200. Watu wataupata kwenye WhatsApp, ambako ujumbe mrefu hukatwa na msomaji kutakiwa kubofya ili aendelee, na wengi hawabofyi. Tarehe, mahali, ada na kada zinazolengwa (wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ya jamii) zikae juu. "Wadau wote wa afya" si kada. Mtoa mada anatosha kwa jina, cheo na kazi anayoifanya sasa. Orodha ya shahada zake iwekwe kwenye kijitabu cha ratiba.

Pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) ndizo huleta ugomvi. Usiandike idadi kabla baraza la taaluma husika halijaidhinisha, na kumbuka kwamba kibali cha baraza moja si kibali cha jingine: muuguzi na tabibu hawako chini ya baraza moja. Kama jibu halijaja, sema tu kwamba maombi yamewasilishwa. Kampuni ya dawa ikilipia chakula cha mchana, itajwe waziwazi. Watu huja hata hivyo, ila hawapendi kuligundua hilo ukumbini.

Halafu kuna saa. "Saa 8 asubuhi" ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na kuna atakayeisoma kuwa saa nane mchana. Andika "saa mbili asubuhi" kwa maneno. Mkianza mapema hivyo, anayevuka kwa feri kutoka Mbita atalazimika kulala Kisumu usiku wa kuamkia kongamano, basi maelezo yaseme kama malazi yamelipiwa au atajigharamia. Hata nauli: ni kiasi gani, na italipwa kwa M-Pesa siku ipi.